Mstari wa Nne

Harufu ya plastiki inayoungua ndiyo iliyomtoa Shigela zizini mbio. Alikuwa amembana ndama wa jirani, akimkamua jipu la shingoni, na kazi ilikuwa imemnogea hadi akasahau kwamba ameacha sufuria jikoni. Alipofika, maji yalikuwa yamekauka zamani. Bomba dogo la kumpimia mtoto dawa lilikuwa limejikunja na kugandana na sufuria.

"Kinanuka nini huko?" mama yake, Bibi Minza, aliuliza kutoka uani. Alikuwa anapepeta mchele, mtoto akiwa mgongoni.

"Hakuna kitu, mayu. Nimechoma takataka."

Alilibandua lile bomba kwa kisu, akalifunga kwenye kipande cha gazeti na kwenda kulitupa chooni.

Mkewe, Ng'washi, alikuwa ameondoka alfajiri ya siku hiyo kwenda Mafinga, ambako kaka yake Nashoni alikuwa ameangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao na kuvunjika mguu mara mbili. Mtoto hakuweza kwenda naye. Anjela alikuwa na miezi kumi na uzito wa mtoto wa miezi minne. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na baridi ya Mafinga ingemshika kifua kabla basi halijasimama. Kwa hiyo Ng'washi alimwacha, akajikamua maziwa ya kutosha kikombe kimoja, akasimama mlangoni na chupa ya dawa mkononi.

"Jioni saa moja, asubuhi saa moja," alimwambia mumewe. "Unavuta mpaka mstari wa nne. Usizidishe, usipunguze. Umenisikia, Baba Anjela?"

Shigela alicheka. "Mimi ndiyo wa kufundishwa kuvuta dawa?"

Hapo hakuwa anajisifu bure. Ubaruku nzima, kuanzia mashine za kukobolea mpunga hadi maboma ya wafugaji kule mbugani, watu walimwita Daktari. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini hakukuwa na ng'ombe aliyemshinda. Alijua dawa ya ndigana, ya minyoo na ya homa, na alimtazama fahali kwa jicho akakuambia kilo zake bila kukosea sana. Mabomba yake yote aliyachemsha kila baada ya kazi. Ndiyo maana lile dogo nalo aliliweka kwenye maji ya moto: alilikuta linanata kwa utamu wa dawa, akaona ni uchafu.

Saa moja jioni ilipofika alifungua mfuko wake wa kazi, akatoa bomba jipya ambalo halijawahi kutolewa kwenye karatasi yake. Lilikuwa la mililita kumi, dogo kuliko yote aliyokuwa nayo. Sindano aliiweka pembeni. Alinawa mikono kwa sabuni. Aliinua chupa kwenye mwanga wa taa kusoma karatasi iliyobandikwa, lakini dawa ilikuwa imechuruzika juu yake mara nyingi, wino ukavuja, na kilichosomeka vizuri ni nne tu.

Mstari wa nne, basi. Kwenye lile bomba lililoungua namba zilikuwa zimefutika kwa kuoshwa, ikabaki mistari mitupu, na Ng'washi alikuwa akiihesabu kwa ukucha. Kwenye hili jipya namba zilikuwa nyeusi na kubwa. Shigela alivuta hadi nne, akagonga bomba kwa kidole mapovu yapande, akayasukuma nje, akavuta tena kujazia. Kwa macho yake kiasi kilikuwa kilekile. Katika bomba jembamba dawa ilikuwa ikifika karibu na nusu, na katika hili nene nayo ilifika karibu na nusu.

Mtoto alimeza mara moja, akameza mara ya pili, akameza tena.

"Mbona leo inamchukua muda?" Bibi Minza aliuliza.

"Ana kiu," Shigela alisema.

*

Asubuhi Bibi Minza ndiye aliyetoka na mtoto uani. Anjela alikuwa ametapika usiku, na sasa shingo yake ilikuwa imelegea begani kwa bibi yake. Uji aliusukuma kwa ulimi. Alipoitwa alifumbua macho polepole, akayafumba tena.

"Macho ya huyu mtoto hayako sawa," Bibi Minza alisema. "Kwanza usimpe dawa. Mpigie mama yake umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Umwambie ametapika. Umwambie jinsi alivyo. Yeye ndiye anayemjua."

Shigela alitoa simu, akaishika. Kumpigia Ng'washi kungekuwa kumweleza habari ya sufuria. Kungekuwa kumsikia akiuliza, umetumia bomba gani, ulivutaje, nieleze taratibu. Na mama yake amesimama hapo anasikiliza, na jirani mwenye ndama yuko kwenye ua akisubiri. Alirudisha simu mfukoni.

"Mtoto wa moyo akikosa dawa ndiyo anakufa, mayu. Daktari alisema mbele yetu."

"Alisema akikosa. Hakusema akiwa hivi."

"Nimepima dawa kabla Ng'washi hajazaliwa," alisema, na haikuwa kweli hata kwa miaka.

Alipoinua chupa kuvuta ile nne ya pili, mkono wake ulisimama. Dawa ilikuwa imeshuka chini kuliko alivyotarajia. Aliitazama kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha mama yake aliguna, naye akavuta hadi namba ile, akampa mtoto.

Robo saa baadaye Anjela aliitapika karibu yote kwenye kanga ya bibi yake. Alipomaliza kutapika hakulia. Hicho ndicho kilichowatisha wote wawili: mtoto ambaye hulia hata akiguswa na nzi alikuwa amelala kimya, midomo imebadilika rangi. Shigela aliweka kiganja kwenye kifua chake. Siku zote moyo ule ulikuwa ukigonga upesi upesi kiasi cha kushindwa kuuhesabu. Sasa aliuhesabu bila shida.

*

Obeid, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa anapakia magunia ya kupeleka soko la Mbalizi. Alishusha gunia moja lililokuwa kwenye kiti cha mbele na kumwambia Shigela apande. Kwa barabara ile ya vumbi kutoka Ubaruku hadi Igawa aliendesha taratibu kwa ajili ya mtoto. Walipoingia kwenye lami alikanyaga mafuta.

"Usiwe na wasiwasi, Daktari. Watoto wana roho ngumu. Yule mtamba wangu wa mwaka jana si nilishamkatia tamaa? Ukaja wewe na bomba lako."

Ng'washi alikuwa tayari amepigiwa simu. Bibi Minza ndiye aliyempigia, akamwambia mtoto amezidiwa, anapelekwa hospitali Mbeya, naye aende huko moja kwa moja. Mtoto alikuwa amelala kwenye paja la Shigela. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, na walipopita Chimala aliitoa, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha.

Ilikuwa chupa ndogo ya mililita thelathini, imefunguliwa siku moja kabla ya safari ya Ng'washi. Ng'washi alikuwa amesema itafika mwisho wa mwezi. Sasa robo yake nzima haikuwepo. Shigela hakuhitaji kalamu. Nne na nne ni nane. Thelathini ukitoa nane zinabaki ishirini na mbili. Na kwa mwendo huo chupa ingekwisha siku ya nne. Dawa ya mwezi haiwezi kwisha siku ya nne. Alirudi akahesabu kichwani ile mistari ya bomba lililoungua, kumi mikubwa kutoka chini hadi juu, na bomba lote lile halikuwa limezidi mililita moja. Mstari mmoja wa kule ulikuwa sehemu ya kumi ya mstari mmoja wa huku.

Mara kumi. Alimpa mara kumi ya kiasi chake, na asubuhi akarudia.

"Vipi, Daktari?" Obeid alimtupia jicho. "Dawa mmebeba?"

"Hapana," Shigela alisema, chupa ikiwa imefichika kiganjani, kisha akairudisha mfukoni.

*

Walifika hospitalini saa sita. Obeid aliacha gari nje na injini inawaka, akawasindikiza hadi wodi ya watoto akiwa amebeba begi. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, Daktari Sekela, na kabla ya kuuliza jina alikuwa tayari ameweka kipimo chake kifuani mwa mtoto.

"Mapigo yako chini," alisema. "Kwa mtoto wa umri huu yako chini sana. Ametapika?"

"Usiku, na asubuhi."

"Dawa ya moyo anampa nani?" aliuliza, alipoletewa faili la Anjela.

"Mama yake. Ila yuko safari, kwa hiyo nimempa mimi. Jana jioni na leo asubuhi."

"Kiasi gani?"

"Mpaka mstari wa nne."

"Wa bomba lile dogo la mililita moja? Nukta nne?"

Shigela alihisi Obeid amesimama nyuma yake. "Ndiyo."

"Una uhakika haikuzidi? Nauliza kwa sababu dawa hii ikizidi ndivyo inavyofanya. Anatapika, analegea, moyo unapungua mwendo."

Obeid akacheka kwa heshima. "Daktari, huyu naye ni daktari. Wa ng'ombe, lakini ni daktari. Kwetu kule kwa kipimo hakuna anayemfikia."

Daktari Sekela alimtazama Shigela, akasubiri ajibu mwenyewe.

"Napima dawa kila siku," Shigela alisema. "Haikuzidi."

"Chupa umekuja nayo?"

"Imebaki nyumbani."

Daktari aliandika. Mtoto aliwekewa waya kifuani na mashine ikaanza kuonyesha namba. Ilisema themanini na mbili, kisha sabini na tisa. Obeid aliaga, akampiga Shigela begani, akaenda na mchele wake.

*

Ng'washi aliingia saa tisa na nusu, kanga yake ina unga wa mbao na miguu imejaa vumbi la stendi. Hakumsalimu mumewe. Alienda moja kwa moja kitandani, akamgusa mtoto paji la uso, nyayo, tumbo. Kisha ndipo akageuka.

"Ulimpa dawa?"

"Nilimpa."

"Mstari wa nne?"

"Mstari wa nne."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza kulia bila sauti. Alikuwa amemwamini. Shigela aliliona hilo wazi, na lilimuuma kuliko kama angembishia.

Nesi wa zamu, Atuganile, mama mnene wa kutoka Tukuyu, alipita akakagua dripu. "Wewe ndiye mama?" aliuliza. "Ulikuwa wapi?"

"Mafinga, sista. Kaka yangu ameumia."

"Mtoto wa moyo, ananyonya, unamwacha unaenda Mafinga." Hakupaza sauti, lakini vitanda vilikuwa karibu na kina mama wengine walinyamaza ili wasikie. "Ninyi wafugaji mnanishangaza. Ng'ombe angekuwa mgonjwa usingeondoka. Haya, tazama sasa."

"Ni kweli, sista," Ng'washi alisema.

"Ni kweli, ni kweli. Mnajua kusema ni kweli."

Shigela alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa na mkono mfukoni, na vidole vyake vilikuwa vimeizunguka chupa. Mwanamke wa kitanda cha jirani alimtazama Ng'washi kwa huruma iliyochanganyika na kitu kingine, kisha akamvuta mwanawe karibu. Ng'washi aliinama, akajifuta uso kwa pindo la kanga. Shigela alifungua mdomo, akasema, "Sista, maji ya kunywa yanapatikana wapi?"

Alielekezwa. Alikwenda, akasimama bombani muda mrefu, akarudi bila maji.

Saa kumi na moja Daktari Sekela alipita tena. Mashine ilikuwa inasema sabini na nne. Alivua miwani akaipangusa.

"Damu tumechukua, majibu kesho," alimwambia Ng'washi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amesimama. "Kama dawa amekuwa akipewa sawasawa, basi naona moyo wenyewe ndiyo unachoka, na huenda dawa imekuwa haimtoshi. Leo jioni apewe kama kawaida. Kesho nikipata majibu, tutafikiria kuiongeza, au kumpeleka Dar es Salaam."

"Kuiongeza," Ng'washi alirudia.

"Kidogo. Kwa uangalifu."

"Ningekuwepo," Ng'washi alisema baada ya daktari kuondoka. Hakuwa anamwambia mtu. "Ningekuwepo tu."

Shigela alijiambia kwamba kiasi cha jioni kilikuwa kidogo, matone tu, labda kisingeleta madhara. Alijiambia kwamba ile ya asubuhi ilitoka yote. Alijiambia kwamba kesho majibu ya damu yangesema yenyewe, bila yeye kusema. Alihesabu mapigo kwenye mashine, akayaona yanashuka hadi sabini na moja.

Saa kumi na mbili kasoro Atuganile alikuja na sahani ndogo ya bati. Juu yake palikuwa na bomba jembamba kama kalamu, la mililita moja, jipya, namba zake zote zinasomeka. Ndani mlikuwa na kidogo sana. Shigela alikitazama kile kidogo. Kisingejaza kifuniko cha chupa. Kingeweza kukaa juu ya ukucha.

"Mwinue kichwa, mama," nesi alisema.

Ng'washi alimwinua mtoto. Atuganile aliweka ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, ndani ya shavu.

"Sista, usimpe."

"Nini?"

"Usimpe hiyo dawa." Shigela alikuwa amesimama, ameushika mkono wa nesi kwenye kifundo.

"Baba, niachie mkono. Dawa imeandikwa na daktari."

"Nilimpa nyingi."

Ng'washi alimlaza mtoto taratibu. "Ulimpa nini?"

Alitoa chupa mfukoni, akaiweka kitandani. Wote watatu waliitazama. "Bomba lake liliungua. Nililichemsha nikalisahau. Nikatumia la ng'ombe. Lilikuwa jipya, safi, lakini ni la kumi. Nikavuta hadi nne."

"Mililita nne?" Atuganile aliuliza.

"Nne."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Nesi alitazama bomba lililokuwa mkononi mwake, akalirudisha kwenye sahani taratibu kana kwamba lina moto. Kisha akatoka mbio, mama mnene yule, viatu vinapiga sakafu, akimwita daktari kwa jina.

Ng'washi aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaona ilipofika.

"Ilikuwa mfukoni mwako," alisema, "mimi natukanwa?"

"Ndiyo."

Alizunguka kitanda akasimama upande wa pili, mtoto akiwa kati yao.

*

Daktari Sekela hakumgombeza. Alikuja na nesi mwingine na mashine nyingine yenye waya nyingi, akaanza kuuliza huku mikono yake inafanya kazi.

"Ya kwanza saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Saa moja na dakika tano."

"Alitapika saa ngapi?"

"Usiku wa manane. Ilikuwa imeshakaa tumboni."

"Ya pili?"

"Saa moja asubuhi. Hiyo aliitapika baada ya robo saa, karibu yote. Niliona kwenye kanga, ilikuwa na rangi yake."

"Vizuri. Kuna jambo lingine lolote la kuniambia?"

"Hakuna."

"Dawa hiyo isimamishwe," alimwambia Atuganile. "Andika kwa wino mwekundu. Kipimo cha potasiamu nakitaka sasa hivi, nenda mwenyewe maabara, usitume mtu. Na uandae sindano ya kupandisha mapigo." Ndipo akamgeukia Shigela. "Baba, nilikuuliza saa sita. Sasa ni saa kumi na mbili. Hizo saa sita hakuna mtu wa kunirudishia."

Waliambiwa wakae nje ya pazia. Ng'washi alikataa kutoka, akaachwa. Shigela alikaa kwenye benchi la korido akizisikia namba zikisomwa kwa sauti: sitini na tatu, hamsini na nane, hamsini na sita. Kwenye hamsini na sita mashine ililia, na miguu ya watu ikasogea upesi. Alikuwa amewahi kusimama juu ya ng'ombe wengi wanaokufa, na kila mara alikuwa na jambo la kufanya kwa mikono yake. Hapa mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Namba zilikaa kimya. Kisha sauti ya Daktari Sekela ikasema, "Sabini na nne. Mwacheni hapo hapo," na Shigela akagundua kwamba alikuwa amejiuma mdomo hadi damu.

Mapigo yalipanda na kushuka hadi asubuhi, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Ng'washi alilala ameketi. Shigela alileta chai, akaiweka, ikapoa. Alileta uji, akampa mwanamke wa kitanda cha jirani. Atuganile alimletea Ng'washi blanketi lake mwenyewe kutoka chumba cha manesi na kusema, akiangalia pembeni, "Nilikuonea, mama. Nisamehe." Ng'washi alilipokea kwa mikono miwili.

Jioni ya siku ya pili Ng'washi alizungumza na Bibi Minza kwa simu. Waliongea Kisukuma, kwa muda mrefu, na Shigela aliyekuwa mlangoni alisikia upande mmoja tu. Alisikia, "Asubuhi? Kabla?" Alisikia, "Nimekuelewa, mayu." Ng'washi alipokata simu alimtazama mumewe moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu jana, akitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Shigela alisubiri amwambie. Hakumwambia.

Siku ya tatu mapigo yalifika tisini yakakaa. Siku ya nne yalifika mia na kumi, na Anjela akaliona titi la mama yake akalishika kwa hasira, akanyonya hadi akapaliwa. Wodi nzima ilicheka. Daktari Sekela alisema dawa ingeanza tena baada ya siku mbili, na kwamba moyo ule kwa sasa haukuonyesha kuharibika zaidi ya ulivyokuwa.

*

Asubuhi ya siku ya tano Daktari Sekela alikuja na mabomba mawili, kijiko na kikombe cha maji, akamwita Shigela koridoni.

"Kina mama wote wa humu ndani wana watoto wa dawa za kupima," alisema. "Kila wiki nawaeleza habari ya mabomba, wanaitikia, wanaenda. Mimi wananisikia kama redio. Sikulazimishi. Ukikataa, nitaeleza mwenyewe na sitataja jina."

Shigela alitaka kukataa. Alikuwa tayari na neno mdomoni. Alitazama ndani ya wodi, akamwona Ng'washi amekaa kitandani, mtoto ananyonya, macho yake kwenye mlango.

Alisimama katikati ya vitanda. Kulikuwa na kina mama tisa na babu mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu. Shigela alikuwa amezoea kusimama mbele ya watu, lakini siku zote kulikuwa na ng'ombe kati yake na wao. Alivuta maji kwa bomba dogo hadi mstari wa nne, akayamimina kwenye kijiko. Matone. Yalikaa chini ya kijiko kama jasho. Akayamwaga. Akavuta kwa bomba kubwa hadi nne, akamimina, na kijiko kikakaribia kujaa.

"Mungu wangu," mwanamke mmoja alisema.

"Hivi ndivyo nilivyompa mwanangu," Shigela alisema. "Yule pale. Nilihesabu mstari, sikusoma namba. Na karatasi ya chupa ilikuwa haisomeki, sikwenda kuuliza imeandikwa nini. Bomba likibadilika, ujue hujui tena kiasi. Urudi mwanzo. Uulize."

Daktari aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba imetosha. Babu aliomba bomba dogo alitazame, likapita mkono kwa mkono. Shigela aliweka kijiko kwenye kikombe. Alikuwa ametokwa na jasho shingoni, lakini alihisi wepesi, kama mtu aliyemaliza.

"Waambie na ya asubuhi."

Ilikuwa sauti ya Ng'washi. Haikuwa kubwa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu siku ile, na kila mtu aligeuka kumtazama.

"Nimewaambia. Mara mbili."

"Waambie mama alikwambia nini kabla hujampa ya pili."

Bomba dogo lilisimama mkononi mwa mwanamke mmoja. Daktari Sekela, aliyekuwa ameshaanza kuondoka, alisimama mlangoni. Shigela alimtazama mkewe, na Ng'washi hakushusha macho. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja na kumsubiri, si kwa chuki, ila kwa namna ya mtu ambaye hatakubali kuondoka na pungufu.

"Mama yangu alinikataza," alisema. "Asubuhi ile mtoto alikuwa amelegea. Mama akaniambia nisimpe kwanza, nimpigie mke wangu. Simu nilikuwa nayo mkononi. Na chupa niliiona imeshuka. Niliiona. Nikampa."

Mwanamke wa kitanda cha jirani, yule aliyemvuta mwanawe karibu siku ya kwanza, ndiye aliyeuliza. "Sasa kwa nini hukupiga?"

Shigela alikitoa kijiko kikombeni, akakirudisha.

"Niliona aibu kuuliza," alisema. "Kwetu wananiita daktari."